Nasaba ya Akina Broglie

Walimu wangu, wanafunzi, wazee wetu mliojitokeza jioni hii, ndugu zangu nyote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie makabaila wa Ufaransa. Mada yenyewe ni pana, na atakayetaka kuzitaja koo zote tutakesha naye hapa. Nimechagua ukoo mmoja, ukoo wa Broglie, jina ambalo Wafaransa wenyewe hulitamka kama "Broi". Katika muda wa karne tatu na nusu ukoo huu umetoa majemadari watatu wenye cheo cha marshali, mkuu wa majasusi wa mfalme, mtu aliyekatwa kichwa hadharani, mawaziri wakuu wawili na mshindi wa Tuzo ya Nobel. Mmoja wao, tena, alisimama kwenye Bunge la Paris kuwasemea watumwa wa makoloni ya Ufaransa, na miongoni mwa watumwa hao walikuwamo watu waliopakiwa majahazini kwenye pwani yetu hii. Nikifika hapo nitakaa kidogo. Mniruhusu.

Kwa asili hawa si Wafaransa. Walikuwa akina Broglia wa mji wa Chieri, karibu na Turin, kaskazini mwa Italia. Miaka ya 1640 serikali ya Ufaransa ilikuwa mikononi mwa kadinali Mazarin, naye Mwitaliano, na wakati huo François-Marie Broglia akahamia upande wa Wafaransa kufanya kazi ya jeshi. Aliuawa mwaka 1656 jeshi likiwa limeuzingira mji wa Valenza. Mwanawe Victor-Maurice alipewa cheo cha marshali mwaka 1724, akiwa mzee. Mjukuu, François-Marie kama babu yake, akawa marshali mwaka 1734, na mwaka 1742 mfalme Louis XV akamfanya duke, cheo cha juu kuliko vyote nje ya ukoo wa kifalme.

Duke lazima awe na ardhi yenye jina lake. Huko Normandy kulikuwa na mji mdogo uitwao Chambrais. Mfalme aliutangaza kuwa makao ya duke mpya, na jina la Chambrais likafutwa, mji ukaitwa Broglie. Wakulima na mafundi wa pale, ambao babu zao walikuwa Chambrais tangu enzi, wakajikuta wanaishi kwenye mji wenye jina la askari aliyetoka Italia. Mji unaitwa hivyo hadi leo, na kasri la ukoo liko juu yake mlimani. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha ukabaila ulivyokuwa ukifanya kazi hasa. Tunapolisikia neno hili tunaiwaza fahari: mawigi, farasi, karamu za Versailles. Msingi wake ulikuwa haki za kisheria. Kabaila alisamehewa kodi kuu ambayo mkulima alilipa, alipokea malipo kutoka kwa waliolima ardhi yake, alikuwa na haki ya kuwinda mahali ambapo mkulima akiwinda anaadhibiwa, na cheo kilirithiwa. Mtoto alizaliwa amekwisha kushinda.

Duke wa pili, Victor-François, ndiye askari bora kuliko wote katika ukoo huo. Tarehe 13 Aprili 1759, kwenye Vita vya Miaka Saba, aliwashinda adui zake huko Bergen, nje kidogo ya Frankfurt, na mwaka huohuo akawa marshali. Mtawala wa Dola Takatifu la Roma alimpa cheo cha mwanamfalme, yeye na kizazi chake chote. Ndiyo maana hata leo mkuu wa ukoo anaitwa duke na wengine wote wanajiita wanamfalme, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukalia kiti cha enzi.

Mdogo wake Charles ana kisa chake, na ningekuwa na muda ningekisimulia chote. Louis XV alikuwa na sera mbili za nje: moja ya wazi, iliyoendeshwa na mawaziri, na nyingine ya siri, aliyoiendesha kwa barua za mafumbo bila mawaziri hao kujua. Ile ya siri ilikuwa mikononi mwa Charles de Broglie kwa miaka mingi. Siri ilipoanza kuvuja, mfalme hakumtetea. Alimfukuza barazani akaishi uhamishoni kwenye shamba lake. Tena ni yeye huyo, akiwa kamanda huko Metz mwaka 1775, aliyeandaa chakula ambapo kijana mmoja aitwaye Lafayette aliyasikia kwa makini mambo ya uasi wa Wamarekani dhidi ya Uingereza. Miaka miwili baadaye Lafayette akavuka bahari.

Basi tufike mwaka 1789, ambapo nyumba hii inapasuka.

Tarehe 11 Julai mfalme Louis XVI alimfukuza kazi waziri wake wa fedha, Jacques Necker, aliyependwa na wananchi. Baraza jipya likaundwa, na Wizara ya Vita akapewa yule mshindi wa Bergen, marshali mzee wa miaka 70. Askari walikuwa wamekwisha kusogezwa kuizunguka Paris. Watu wa Paris walielewa maana yake, na tarehe 14 wakaivamia ngome ya Bastille. Uwaziri wa marshali haukufika hata wiki. Alikimbia nchi, na alipofariki mwaka 1804 alikuwa bado uhamishoni, mjini Münster, Ujerumani.

Mwanawe hakukimbia naye. Charles-Louis-Victor de Broglie alikuwa na miaka 32 au 33 tu wakati huo. Alikuwa amekwenda Marekani kama ofisa kijana mwishoni mwa vita vyao vya uhuru, na aliporudi alikuja na fikra mpya. Mwaka 1789 makabaila wa Colmar na Sélestat walimchagua kuwa mjumbe wao kwenye Baraza Kuu la Taifa, naye akaenda kukaa upande wa wanamapinduzi. Usiku wa tarehe 4 Agosti mwaka huo bunge lilizifuta haki za kikabaila, zile nilizozitaja. Mwaka 1791 alikalia kiti cha rais wa bunge hilo. Vita vilipoanza mwaka 1792, baba alikuwa ng'ambo pamoja na makabaila wakimbizi walioshika silaha kumrudishia mfalme mamlaka yake, na mwana alikuwa ofisa mkuu katika jeshi la Mapinduzi kwenye mto Rhine. Tumezoea kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hawa wawili walisimama kila mmoja upande wake wa vita.

Lakini mwana naye alikuwa na mpaka wake. Mfalme aliposimamishwa Agosti 1792, mwana huyo alikataa kuukubali uamuzi huo kwa sababu uliivunja katiba aliyoiapia. Akaondolewa jeshini. Baadaye akakamatwa, na tarehe 27 Juni 1794 akakatwa kichwa kwa gilotini mjini Paris. Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi wa wakati ule wa mauaji, alianguka tarehe 27 Julai. Mwezi mmoja kamili.

Kabla ya kufa aliacha wosia kwa mwanawe wa kiume, Victor, aliyekuwa na miaka minane. Alimwambia kwamba hata kama baba yake anauawa kwa jina la uhuru, yeye asiuache uhuru. Asije akaukana kwa sababu ya damu hiyo.

Ndugu zangu, huu kwangu ndio urithi mkubwa kuliko kasri na cheo. Mtoto yule alikuwa na kila sababu ya kuyachukia Mapinduzi maisha yake yote. Babu yake alikuwa uhamishoni, mama yake aliwekwa gerezani akatoroka hadi Uswisi, baba yake amechinjwa. Watoto wengi wa makabaila walikua na kisasi hicho, na walipopata nafasi ya kutawala walikitumia. Victor hakufanya hivyo. Mama yake aliolewa tena na mtu mwenye msimamo wa kutetea haki, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemlea.

Desemba 1815 Victor alipimwa. Napoleon amekwisha kushindwa Waterloo, wafalme wamerudi, na Marshali Ney, shujaa aliyerudi kumuunga mkono Napoleon, ameshtakiwa kwa uhaini mbele ya baraza la juu la Bunge, lile la makabaila. Wajumbe wa baraza hilo hawakuruhusiwa kupiga kura kabla ya kutimiza miaka 30. Victor de Broglie alikuwa ameitimiza siku chache tu zilizopita. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaenda. Baraza zima lilipoulizwa kama Ney ana hatia ya uhaini, ni yeye peke yake aliyetamka kwamba hana. Ney alipigwa risasi asubuhi ya tarehe 7 Desemba.

Mwaka uliofuata alioa. Bibi harusi alikuwa Albertine de Staël, binti wa mwandishi Germaine de Staël na mjukuu wa nani? Mjukuu wa Jacques Necker, yuleyule waziri ambaye kufukuzwa kwake kulimwingiza madarakani marshali mzee wa Broglie mwaka 1789. Mjukuu wa aliyetolewa na mjukuu wa aliyeingizwa wakafunga ndoa, yeye Mkatoliki na mkewe Mprotestanti.

Sasa nafika pale nilipowaomba ruhusa.

Nyumba ya mama yake Albertine ilikuwa na wapinzani wa utumwa tangu zamani, na Victor akaibeba kazi hiyo. Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku Ufaransa kwa maandishi, lakini meli ziliendelea kutoka bandarini huku maofisa wakiangalia pembeni. Machi 1822 Victor alisimama kwenye baraza la juu akatoa hotuba ndefu akiitaka serikali iheshimu sheria yake yenyewe. Mwaka 1834 kiliundwa Chama cha Kifaransa cha Kufuta Utumwa, naye akawa rais wake. Alipokuwa waziri wa mambo ya nje, mwaka 1833, alitia saini mkataba na Uingereza ulioruhusu manowari za nchi hizo mbili kukaguliana meli zilizoshukiwa kubeba watumwa. Mwaka 1835 akawa waziri mkuu, hadi mapema 1836.

Watumwa wenyewe walikuwa wapi? Wengi walikuwa Martinique na Guadeloupe, ng'ambo ya Atlantiki. Lakini Ufaransa ilikuwa na kisiwa kingine kwenye bahari yetu, kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Mashamba ya Bourbon, na ya kisiwa jirani cha Mauritius wakati kilipokuwa cha Wafaransa, yalilimwa na watu wa Madagaska, wa Msumbiji na wa pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Wengine kati ya watu hao walikuwa wametembezwa kwa miguu kutoka mbali bara, karibu na Ziwa Nyasa. Walishuka pale Kilwa Kisiwani, ambapo leo watalii wanapiga picha magofu, wakapakiwa, na kwa walio wengi hatujui hata jina.

Victor de Broglie hakuwahi kufika huku. Lakini mwaka 1840 serikali iliunda tume ya kuchunguza namna ya kuuondoa utumwa kwenye makoloni yote, Bourbon ikiwamo, na yeye ndiye aliyeiongoza. Ripoti ikatoka mwaka 1843. Ni ripoti nzito, yenye hoja za kimaadili na hesabu za uchumi, na inasema wazi kwamba utumwa lazima ufe. Kisha inapendekeza ufe baada ya miaka kumi, na wamiliki walipwe fidia.

Miaka kumi! Mtu huyu alisimama peke yake kumtetea Ney bila kusubiri hata siku moja. Kwa mtumwa wa shamba la miwa akaona kwamba miaka kumi ni muda wa busara. Sisemi hivi kumvunjia heshima. Ninamheshimu sana, na bila watu kama yeye hoja isingefika popote ndani ya Bunge lile. Lakini hapa kabaila anaonekana ndani ya mtetezi: alimjua mwenye shamba, alikula naye, aliielewa hasara yake. Mtumwa alimjua kwa kusoma. Hata hiyo miaka kumi yenyewe Bunge halikuikubali. Na mwaka 1845 ni Victor huyohuyo aliyetumwa London kuufuta ule mkataba wa kukaguliana meli, kwa kuwa Wafaransa wengi waliona ni aibu bendera yao kupekuliwa na Waingereza. Mahali pake pakawekwa doria za pamoja upande wa Afrika Magharibi. Huku kwetu Ufaransa iliendelea kukataa meli zake zisipekuliwe, hata majahazi ya Sur, huko Oman, yakawa yanaomba bendera ya Ufaransa ili yapite salama, na mgogoro huo haukuamuliwa hadi mwaka 1905, kwenye mahakama ya usuluhishi mjini The Hague.

Utumwa ulikuja kufutwa kwa amri ya tarehe 27 Aprili 1848, baada ya mapinduzi mengine mjini Paris, kwa kazi ya Victor Schœlcher aliyekataa kungoja. Habari ilitangazwa rasmi Réunion tarehe 20 Desemba, na siku hiyo ni sikukuu kisiwani hadi leo. Zaidi ya watu 60,000 wakawa huru siku moja. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya kuwalipa fidia waliokuwa wamiliki. Walioachwa huru hawakulipwa kitu.

Walipewa majina. Mtumwa kisheria hakuwa na jina la ukoo, alikuwa na jina moja tu kwenye orodha ya mali za bwana wake. Baada ya 1848 makarani walikaa na madaftari maalumu, watu wakapanga foleni, na kila mmoja akaandikiwa jina la ukoo lililobuniwa palepale mezani. Ninapoisoma nasaba ya akina Broglie, baba kwa mwana, tarehe kwa tarehe, tangu Chieri hadi leo, siwezi kuacha kuifikiria foleni ile. Pwani tunajua thamani ya nasaba. Tunajua mtu anavyoulizwa, wewe ni nani wa nani. Watu wa Kilwa waliofika Bourbon waliulizwa swali hilo mwaka 1848 na mtu mwenye kalamu, na jibu akalitunga yeye.

Haya, tuendelee.

Mwana wa Victor, duke wa nne, ni Albert, mwanahistoria aliyeandika kuhusu Kanisa na Dola la Roma, na pia kuhusu siri za yule babu mdogo Charles. Mwaka 1873 akawa waziri mkuu, chini ya Rais MacMahon, lakini kwa siasa zilizo mbali na za baba yake: alitaka Kanisa na wenye vyeo washike usukani wa nchi, na alitamani wafalme warudi. Tarehe 16 Mei 1877 MacMahon alimwondoa waziri mkuu aliyeungwa mkono na wabunge wengi, akamrudisha Albert, kisha akalivunja Bunge. Uchaguzi ukafanyika, wanajamhuri wakashinda, na Albert akajiuzulu Novemba. Tangu hapo hakuna rais wa Jamhuri ile ya Tatu aliyethubutu tena kulivunja Bunge, hadi ilipoanguka mwaka 1940. Kwa kushindwa kwake, mtu aliyetaka ufalme urudi aliithibitisha jamhuri.

Albert namkumbuka zaidi kwa mkewe. Mtu akifika New York aende jumba la makumbusho la Metropolitan akaitazame picha ya Pauline, Princess de Broglie, iliyochorwa na Ingres na kumalizika mwaka 1853. Gauni la satini ya buluu linang'aa kiasi kwamba unataka kuligusa. Ameegemea mgongo wa kiti cha hariri ya rangi ya dhahabu, na kitini ameacha shali yake na glovu, kama mtu anayetaka kutoka kwenda karamuni. Uso wake una haya. Alifariki mwaka 1860 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 35, akaacha watoto wa kiume watano. Albert aliifunika picha hiyo kwa pazia, na haikutoka kwenye familia kwa karibu miaka mia. Si mbali na hapo, kwenye jumba la Frick, yupo dada yake Albert, Louise, amechorwa na Ingres huyohuyo mwaka 1845, naye kwenye gauni la buluu, kidole kidevuni mbele ya kioo.

Mmoja wa wale watoto watano, Amédée, mwaka 1875 alimwoa Marie Say, binti wa tajiri wa sukari, ambaye mwaka huohuo alikuwa amejinunulia kasri la Chaumont kwenye mto Loire. Hapo kulikuwa na mazizi ya farasi ya kifahari, na hata tembo mmoja, zawadi ya maharaja wa Kapurthala. Fedha za sukari hazikudumu. Biashara iliyumba mwaka 1905, ardhi ikauzwa kipande kwa kipande, na mwaka 1938 serikali ikalichukua kasri. Babu yake Marie alikuwa amefungua kiwanda cha kusafisha sukari Nantes, bandari iliyoongoza Ufaransa nzima kwa biashara ya watumwa. Na babu yake Amédée ni yule Victor wa tume ya 1840. Hivyo vizazi viwili vilitosha kuzikutanisha chini ya paa moja hotuba dhidi ya utumwa na mali iliyotokana na miwa.

Wanafunzi wa fizikia mmekuwa mkinivumilia. Sasa ni zamu yenu, maana ninyi jina hili mnalijua kutoka darasani.

Wajukuu wawili wa Albert waliligeuza jina la ukoo kuwa jina la sayansi. Mkubwa ni Maurice, aliyezaliwa mwaka 1875. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mwenye mapenzi na umeme na mawasiliano ya redio. Alitaka kuacha jeshi afanye utafiti, na babu yake hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Kazi ya duke ilikuwa upanga au siasa. Maurice akaondoka jeshini hata hivyo, akapata shahada ya udaktari mwaka 1908, akageuza nyumba yake ya Paris kuwa maabara ya eksirei. Mwaka 1911 alikuwa mmoja wa makatibu wa mkutano wa wanafizikia ulioitwa Solvay, mjini Brussels, ule uliowakutanisha Einstein, Planck na Marie Curie.

Mdogo wake, Louis, alikuwa na miaka 19. Alikuwa amesoma historia. Baba yao alikuwa amefariki mwaka 1906, na Maurice, aliyempita kwa miaka 17, ndiye aliyekuwa mlezi. Louis akazisoma kumbukumbu za mkutano ule ambazo kaka yake alikuwa akizitayarisha kwa ajili ya kuchapishwa, na tangu hapo hakurudi nyuma. Vita Kuu ya Kwanza alivipitisha kwenye kituo cha redio cha Mnara wa Eiffel.

Tatizo la wakati ule lilikuwa hili. Mwanga ulikuwa umeonekana una tabia mbili: mara unajionyesha kama wimbi, mara kama chembe. Louis akauliza kinyume chake. Ikiwa wimbi linaweza kuwa chembe, kwa nini chembe nayo isiwe na wimbi lake? Elektroni, kwa mfano. Akaandika kanuni fupi ajabu: urefu wa wimbi ni namba ya Planck, namba isiyobadilika katika fizikia, ikigawanywa kwa zao la uzito wa chembe na mwendo wake. Kitu kikubwa kama mpira kina wimbi dogo mno lisiloweza kuonekana kamwe, elektroni ina wimbi linalopimika. Aliitetea tasnifu yake mbele ya watahini tarehe 25 Novemba 1924. Mmoja wao, Paul Langevin, alikuwa amempelekea Einstein nakala, na Einstein akaona kwamba kijana huyu amenyanyua pembe ya pazia kubwa. Mwaka 1927 Davisson na Germer nchini Marekani, na George Thomson huko Aberdeen, wakaonyesha kwa majaribio kwamba elektroni hutawanyika kama mawimbi. Mwaka 1929 Louis akapewa Nobel, na hadubini ya elektroni, inayotuonyesha virusi, ilijengwa juu ya tabia hiyohiyo.

Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha kila nikilifikiria. Mtu aliyethibitisha kwamba mwanga ni wimbi, Augustin Fresnel, yule ambaye lenzi zake zimekuwa zikiwaongoza mabaharia kwenye minara ya taa duniani kote, alizaliwa mwaka 1788 kwenye mji wa Broglie. Baba yake alikuwa msanifu majengo aliyeajiriwa na marshali mzee kwenye kasri. Mtoto wa mfanyakazi wa kasri aliwapa watu mawimbi ya mwanga, na miaka zaidi ya mia baadaye mtoto wa wenye kasri akayaongezea mawimbi ya maada.

Ndugu hawa wawili walipendana. Louis alipochaguliwa kwenye Académie française, baraza la wasomi wa lugha ya Kifaransa, mwaka 1944, aliyempokea kwa hotuba rasmi mwaka uliofuata alikuwa Maurice. Mwaka 1949, kwenye mkutano wa Lausanne, Louis alitoa wito nchi za Ulaya zilizotoka kuuana ziwe na maabara moja ya pamoja, na wito huo ni miongoni mwa vyanzo vya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe, karibu na Geneva.

Maurice alifariki mwaka 1960 bila kuacha mtoto, na Louis akawa duke wa saba. Yeye hakuoa. Alifariki tarehe 19 Machi 1987, akiwa na miaka 94, na cheo kikahamia tawi la Jean de Broglie, mwanasiasa aliyekuwa mmoja wa wajumbe wa Ufaransa kwenye mazungumzo ya Évian yaliyomaliza vita vya Algeria mwaka 1962. Jean mwenyewe hakuwahi kukipata cheo hicho. Alipigwa risasi barabarani mjini Paris tarehe 24 Desemba 1976, na kesi yake ilizua maswali kuhusu nani serikalini alijua nini mapema. Leo cheo cha duke hakimpi mtu haki yoyote ya kisheria kuliko jirani yake. Kodi analipa kama wengine, na kura yake ni moja.

Nimemaliza. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Maikrofoni ipo hapo katikati, na mwenye swali kuhusu Kilwa na Bourbon naomba aanze yeye.